Msumari Uliokaa Kwenye Mbolea

Mwanangu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kila unaponiita Mama, mimi huitika kwa mdomo tu. Ndani huwa naogopa.

Tangu nikiwa mdogo umekuwa ukiingia mlangoni jioni na ile harufu yako ya chuma kilichoungua, ukisema, "Mama, umeshindaje? Umemwekea mtoto wako uji?" Nami nakuletea uji, na wageni wanacheka. Wakiuliza, unawaeleza kwamba nilizaliwa muda mfupi baada ya mama yako kuzikwa kule kwetu ziwani, nikapewa jina lake, Akoth, na kwa hiyo mama yako hakwenda mbali, yuko hapa Kericho anasoma Fomu Tatu. Wageni wanacheka tena. Wewe hucheki. Nimekutazama mara nyingi na nimeona kwamba wewe hufanyi mzaha.

Lakini mimi sikumjua bibi. Sijui alikuwa akikuambia nini ulipokosea. Sijui kama alipaza sauti au alinyamaza. Leo nitalitumia jina lake kwa mara ya kwanza, kwa sababu nikiwa binti yako sina ujasiri wa kusema ninachotaka kusema, na hata ningekuwa nao ingekuwa ni kukosa adabu. Yeye angekuita kwa Kijaluo, nyathina, mtoto wangu. Mimi naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ninachokiandika bila kukosea sana. Na pia angekuita kwa jina lako. Ochieng. Nimeliandika. Sitafuta.

Ni Jumapili mchana. Umeenda Kapsoit kuwaaga mafundi wenzako. Mkeo, ambaye siku nyingine zote ndiye mama yangu, yuko kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mdogo wangu Atieno amelala. Begi lako liko karibu na mlango, limefungwa kamba kwa sababu zipu ilikufa, na kesho asubuhi utapanda basi la Mombasa kwenda kuchomelea meli. Mzazi mwingine angekuambia ulale ndani ya neti na usinywe maji ambayo hayajachemshwa. Hayo mkeo ameshakuambia wiki nzima mpaka ukaziba masikio. Mimi nataka kukuambia habari ya misumari.

Unaikumbuka ile misumari yangu. Niliipanga nyuma ya karakana yako, kila mmoja kwenye chupa yake ya jemu, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Mmoja kwenye maji ya mvua, mmoja kwenye maji ya chumvi, mmoja kwenye ndimu, mmoja kwenye maji ya majivu, mmoja kwenye mafuta ya injini, mmoja kwenye chai ya rangi. Ulikuwa ukipita hapo na kusema, "Mama, umefungua hoteli ya supu ya misumari?" Na Kiprono, kijana wako wa kazi, akasema, "Mimi hiyo ya chai nipatie na mkate."

Mara ya kwanza nilikosea vibaya. Sikukuambia jinsi nilivyokosea, nilikuambia tu kwamba mwalimu anataka nirudie. Nilikuwa nimechukua misumari ya mabati kutoka kwenye kopo lako bila kuuliza. Wiki zikapita, ikabaki myeupe karibu yote, na ule wa chai ukawa mweupe kabisa. Nilifurahi mno. Mimi ambaye siwezi kuomba ruhusa ya kwenda msalani, nilinyoosha mkono darasani nikasimama, nikasema nimegundua kwamba chai inazuia kutu, na kwamba sisi wa nchi ya chai tungeweza kupaka mabomba yetu chai. Mwalimu wa kemia alichukua tupa, akaukwangua msumari mbele ya wote. Chini ya ule weupe, ambao ulikuwa zinki ya kiwandani tu, kulikuwa na chuma kama chuma kingine chochote. Darasa lilicheka mpaka lile la jirani likaja dirishani. Hadi leo kuna wanaoniita Profesa Majani.

Jioni ile ulinikuta nimekaa juu ya silinda ya gesi, hukuniuliza kitu. Ulichukua msumari mmoja, ukautazama, ukasema, "Hii imevaa koti, Mama. Mvue koti kwanza ndio umuulize kama anasikia baridi." Kisha ukanipa misumari myeusi, ya kawaida, mpya. Nadhani hukujua ulichonipa. Nilitembea na yale maneno muda mrefu. Nilianza kutazama kila kitu nikijiuliza kimevaa koti gani.

Mara ya pili nilikuwa makini. Ule wa mafuta haukubadilika. Ule wa majivu nao ulibaki safi, jambo ambalo sikulitarajia. Ule wa ndimu ulianza kwa kung'aa na kutoa mapovu madogo, nikadhani ndimu inausafisha, kumbe inaula, ulikonda. Ule wa chai uligeuka mweusi kama wino, na maji yake pia, lakini nilipoukwangua, chini ulikuwa bado mzima. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kabisa kuhusu chai, nilikosea namna ya kufika. Ule wa chumvi ulivaa kutu haraka kuliko wa maji ya mvua. Ukifika Mombasa utaishi ndani ya ile chupa ya chumvi, lakini hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Halafu kulikuwa na mmoja wa ziada. Nilikuwa nimebakiwa na chupa moja tupu na sikujua niweke nini. Nikaokota chembe za mbolea ya chai zilizomwagika njiani, zile ndogo za mviringo, nikazitia ndani ya maji na kuuweka msumari humo. Huo ndio ulionitisha. Maji yaligeuka rangi ya chungwa. Ukoko ukajaa. Nilipoutoa na kuupangusa, kichwa chake kilikuwa na mashimo kama kimeumwa, na shingo ilikuwa nyembamba hata nikaukunja kwa vidole. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba mbolea inaharakisha kutu kuliko vitu vyote nilivyojaribu, nikapewa alama nzuri, nikasahau. Niliona ni jambo la chupa.

Sasa nisikilize.

Ijumaa nilipita shule ya msingi kumchukua Atieno na mvua ikatukuta. Tulijificha chini ya tangi la maji, lile ulilolijengea stendi ya chuma. Unajua wanaweka nini pale chini, wanaweka magunia ya mbolea ya lile shamba dogo la chai la shule, kwa sababu pana sementi na ndipo mahali pakavu peke yake, na kila mtu huku angeweka hapo hapo. Lakini si pakavu. Tangi linatoka jasho. Linadondosha tone baada ya tone juu ya magunia, na magunia yamepasuka pembeni, na ile mbolea imeyeyuka ikawa kama uji kuzunguka miguu ya stendi. Mvua za mwaka jana zote na za mwaka huu zote. Nilikaa juu ya gunia nikaona rangi yako nyekundu kwenye mguu imefura kama lengelenge. Nikachukua bikari kwenye seti yangu ya hesabu. Nilitaka tu kugusa.

Bikari iliingia, mwanangu. Iliingia kama kwenye muhogo uliochemka. Nilipoichomoa maji ya kahawia yalitoka na kunichirizikia mkononi. Nikajaribu mguu wa pili, wa upande wa jiko la shule. Ukawa vile vile. Atieno aliniuliza, "Unadunga sindano?" nikamwambia tutembee tu, mvua si kubwa. Ilikuwa kubwa.

Nilikuambia jioni ile ile. Nilijizoeza njia nzima, na bado nilisema vibaya.

"Baba, stendi ya shule ya Atieno ina kutu."

"Hakuna chuma haina kutu, Mama."

"Ni miguu. Bikari imeingia."

Uliacha kucheka. "Imeingia wapi?"

"Chini. Penye wameweka mbolea."

Ulitazama mlango kwanza, kisha ukanitazama mimi. "Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Basi wacha ikae hivyo. Sikiza. Mimi ni mtu wa kuja hapa. Fundi wa kwao akikosea, watasema bahati mbaya. Mimi nikikosea, watasema yule jamaa wa ziwani alitufanyia. Na hiyo maneno itapanda basi na mimi mpaka Mombasa, ifike kabla sijafika."

"Lakini si wewe umekosea. Ni mbolea."

"Na nani ataenda kuuliza mbolea?"

Ukasema utaangalia Jumamosi. Jumamosi ulipanga vyombo vyako, ukapaka viatu dawa, ukapanga vyombo tena. Mvua ikanyesha kuanzia saa nane mpaka jioni, na hata kutoka hapa kwetu nilisikia lile tangi likifurika, maji yakipiga mabati ya jikoni. Limejaa mpaka juu. Nilijaribu kupiga hesabu ya uzito wake nikaacha katikati.

Leo tulipotoka kanisani tulipitia njia ya mkato kando ya uzio wa shule. Ulikuwa mbele. Ulisimama mahali unapoonekana mguu ule, ukainama kama unafunga kamba ya kiatu. Viatu vyako vya kanisani havina kamba. Kisha ukaondoka kwa haraka hata mkeo akauliza, "Unakimbizwa na nani?" Nilikuwa nyuma yenu. Niliona.

Na bado ningenyamaza, kwa sababu kunyamaza ndiko ninakokujua. Ningejiambia labda umeona ni salama. Lakini wakati wa chakula ulimwambia Atieno, "Kesho usikunywe maji ya shule. Utawekewa yako kwa chupa. Na uji ukipewa, enda nayo darasani, usisimame pale nje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Lakini Chebet atasimama pale, tunashikiana nafasi."

"Nimesema, Atieno."

Kisha ukanitazama, na mimi nikaitazama sukuma wiki. Hapo ndipo nilipojua kwamba unajua.

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa. Sikuandikii haya kukuonyesha kwamba nimekushika. Nadhani ulitaka kulinda kile ulichoweza kukilinda bila kufungua mdomo, na ulichoweza ni mtoto mmoja. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Nitakuambia zaidi: nimeshafanya. Michirizi ya kahawia kwenye sementi chini ya tangi niliiona mwisho wa muhula uliopita. Nilisimama hapo, mimi mwenye ripoti ya mbolea kwenye begi, nikajua inatoka wapi. Nikasema moyoni, mtu mkubwa ataona. Mimi ni nani nimwambie mwalimu mkuu? Nikaenda nyumbani. Kwa hiyo tuko wawili, na wewe umekaa na jambo hili siku mbili tu, mimi nimekaa nalo mvua nzima.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani nikinyamaza jambo litabaki lilivyo mpaka nipate ujasiri. Halibaki. Msumari ule haukuwa ukiningoja. Nilipokuwa nimelala ulikuwa unaliwa, nilipokuwa darasani ulikuwa unaliwa, na siku niliyoutoa ulikuwa vile ulivyokuwa bila kujali nilikuwa na aibu kiasi gani.

Na kuna Chebet. Mama yake ndiye hutuletea maziwa tangu ulipovunjika mguu, na akiulizwa alipwe nini hupunga mkono kama anafukuza nzi. Unanisikia nikimtaja kwa sababu namjua. Lakini foleni ya uji ni ndefu, na wengine siwajui majina.

Nakumbuka siku uliyomaliza stendi ile. Nilikuwa darasa la saba. Wazazi walikuja, na mwalimu mkuu, Mwalimu Rotich, akauliza kwa mzaha kama itashika. Hukumjibu. Ulipanda mpaka juu, ukasimama pale kwenye ubao, ukaruka kwa miguu yote miwili, mara kadhaa, na chuma hakikutikisika hata kidogo. Watu walipiga makofi. Mwalimu akasema, "Fundi, hii itatuzika sisi wote!" Ukacheka kule juu, na mimi chini nilijivuna mpaka machozi. Kila mshono wa stendi ile ulikuwa mzuri. Bado ni mizuri, niliitazama Ijumaa, mishono yako haijaguswa. Kilicholiwa ni chuma kati ya mshono na sementi. Hukukosea ulipojenga. Utakosea ukipanda basi.

Nimeandika hivyo na sasa naogopa kukupa usome. Angalau nimeandika.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chuma kilicholiwa hakirudi, na mtu anayepaka rangi juu yake anajidanganya. Lakini pia nimekuona ukikikata. Unakata mpaka unapofika penye kung'aa, unaunga kipande kipya, na gari la mtu linatoka hapo likienda. Nakuomba uende kwa Mwalimu Rotich leo kabla ya giza. Mwambie neno moja tu, kwamba watoto wasisimame pale. Hayo mengine mtaongea. Basi la Mombasa liko pia Jumanne.

Nitakupa barua hii ukirudi.

* * *

Ulirudi, sikukupa.

Ulisimama mlangoni ukapangusa viatu, ukasema, "Mama, kuna chai?" Barua ilikuwa ndani ya kitabu cha jiografia, na kitabu kilikuwa chini ya kwapa langu. Nilimimina chai. Nilikuletea. Nilifungua kinywa niseme, na kilichotoka ni, "Sukari inatosha?"

"Inatosha, Mama," ulisema. Ulikunywa ukiwa umesimama, ukitazama dirishani upande wa shule, kisha ukasema unaenda kuichukua ile koleo uliyomwazimisha jirani. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa ziwa, na upepo ulikuwa umeanza kulaza nyasi. Nikaona kwamba hutaenda. Na nikaona kwamba ukiwa umekaa mbele yangu siwezi kuwa mama ya mtu.

Kwa hiyo nilienda mimi. Nakueleza yote jinsi yalivyokuwa, kwa sababu yanakuhusu.

Langoni alikuwa mzee Chumo, mlinzi, amejifunika koti la mvua.

"Wewe ni mutoto ya funti," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Leo ni Jumapili. Shule imefunkwa."

"Nataka kufungua maji."

"Ya kunywa?"

"Yote."

Alicheka sana. "Yote utakunywa wewe? Mutoto mwembamba hivi!"

Nikapita kando yake nikiwa bado na adabu ya kusema samahani. Unajua mfereji ule mkubwa wa kumwagia maji tangi likioshwa uko wapi, uliuweka wewe, uko katikati kabisa, chini. Nilisimama nje ya ile sementi nikashindwa. Mguu wa upande wa jikoni ulikuwa umepinda. Ijumaa haukuwa umepinda. Rangi ilikuwa imepasuka kwa mstari, na ndani ya mstari huo palikuwa peusi. Sikuomba dua ndefu. Niliingia nikiinama, nikapanda juu ya magunia, nikaushika mfereji, nao ulikuwa umekaza. Nilining'inia hapo kwa mikono miwili mpaka ukazunguka, na maji yakatoka kwa nguvu yakanipiga kifuani. Nikatoka humo kwa magoti.

Mzee Chumo alikuja mbio. "Unamwaka maji ya watoto! Nani amekutuma?" Alikuwa anaelekea kuufunga. Nikamshika koti.

"Mzee, usiingie hapo."

"Niache!"

"Usiingie! Itaanguka!"

Sijawahi kumpigia mtu kelele, sembuse mzee. Alisimama, nadhani si kwa sababu aliniamini, ni kwa sababu alishtuka kwamba nina sauti. Nikaendelea kulishika koti lake kwa mikono yote miwili, maji yakipita miguuni kwetu kuelekea kwenye mistari ya chai, na yeye akapuliza filimbi yake mpaka Mwalimu Rotich akatoka nyumbani kwake pale pale kiwanjani, akiwa na malapa na mwavuli.

"Si wewe ni Akoth?" alisema. "Yule mtulivu? Hii ni nini, Akoth? Nani amekutuma kufanya hivi?"

Baba, niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi. Niliwaza kusema ukweli wote, kwamba unajua tangu Ijumaa. Niliwaza kusema hakuna aliyenituma, ni misumari yangu, na nikamwona akicheka kama darasa lilivyocheka. Nikasema, "Baba amenituma. Amesema miguu imeliwa na mbolea. Amesema mtu asisimame hapa mpaka aikate aweke mingine."

Alikuwa anataka kunijibu, na hapo stendi ililia. Maji yalikuwa yamefika karibu nusu, na chuma kilichokuwa kimepindishwa na uzito kilianza kurudi. Kililia kama mtu mwenye goti baya anapoinuka. Bamba la rangi na kutu likabanduka kwenye mguu ule, likaanguka juu ya magunia, na palipokuwa na chuma pakabaki tundu. Mwalimu Rotich alirudi nyuma, nasi tukarudi naye. Mzee Chumo alivua kofia yake, akasema neno kwa Kikipsigis ambalo sikulisikia vizuri.

Tulisimama mpaka maji yakawa uzi, kisha matone.

"Hiyo mbolea," mwalimu alisema mwishowe, "ni mimi niliwaambia waweke hapo. Niliona pakavu." Kisha akaniuliza, "Baba yako anasafiri kesho, sivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na bado amekutuma."

Nilitazama chini. "Ndiyo, mwalimu."

"Mwambie nitapita kwenu asubuhi kabla hajaenda stejini kupanda basi. Nataka kumshika mkono mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyo. Naandika sehemu hii jikoni, mikono ikiwa bado baridi, na wewe hujarudi. Nimekudanganyia mtu mzima ambaye anakuheshimu, na atakuja mlangoni kwako asubuhi akiwa na mkono ulionyooshwa. Ukimwambia hukunituma, nitasimama karibu nawe na kusema nilidanganya, nawe hutanisikia nikilalamika. Ukimwambia ulinituma, sitalisema jambo hili tena kwa mtu yeyote, hata kwa mkeo. Grenda yako ya kukatia chuma bado haijafungwa kamba. Niliiangalia.

Kuna kitu kimoja zaidi, ndiyo sababu nimechelewa kuandika. Mwalimu alipoondoka nilikumbuka kwamba watoto watataka uji kesho na tangi ni tupu. Nilikuja nyumbani nikachukua ndoo mbili, nikaenda kwa mpishi wa shule, tukashuka mtoni pamoja. Mvua ilikuwa imeanza na njia ya kupanda ilikuwa inateleza. Tulilijaza nusu lile pipa la jikoni, tukalisogeza mpaka upande wa pili, mbali na stendi, tukalifunika kwa ubao. Mzee Chumo alifunga kamba kuzunguka sementi ili mtu asipite. Mpishi aliniuliza kama nimechoka. Nilimwambia bado, tukashuka tena mtoni.